Aliyefunga Mlango Kwa Sista

Makindu
5 Agosti 2024

Shangazi mpendwa, Sista Perpetua,

Habari za huko ndani? Sisi huku nje tu wazima. Baba analalamikia magoti na serikali, kama kawaida. Nakuandikia mbiombio kwa sababu Nzuki anapeleka unga kwenu Mbumbuni kesho asubuhi na nimemwomba abebe barua hii, na nisipokuambia jambo hili leo nitapasuka.

Nimepata magofu, Shangazi. Magofu ya monasteri, ya kweli kabisa, huku kwetu Ukambani.

Unaijua ile kazi yangu ya kutembeza wageni Jumamosi. Nawatoa Nairobi, tunaanza hapa Makindu kwenye hekalu la Masingasinga, wanakula chapati na dengu, wanafurahi, halafu wananiuliza tunaenda wapi sasa. Na mimi sina pa kuwapeleka. Wengi wao wameshazunguka Ulaya wakaona zile nyumba za watawa za mawe zisizo na paa, nyasi zimeota katikati ya kanisa. Wanataka kitu cha namna hiyo, na mimi nawaonyesha reli.

Basi kuna Bile, mfanyabiashara wa mbuzi anayelala kwenye gesti yetu akishuka Mombasa. Katika kuzungumza akasema huwa ananywesha mifugo yake kwenye tangi la mawe huko mbele ya Zombe, mahali panaitwa Kwa Sista. Nikamuuliza sista gani. Akasema hajui, Wazungu wa zamani, hawapo siku nyingi. Jumapili iliyofuata nikawasha gari langu, Probox, nikaenda.

Shangazi, nilisimama pale mdomo wazi. Kuta zote zimesimama. Paa ndilo limekwenda. Kuna kanisa lenye madirisha membamba, kuna vyumba vidogovidogo vimepangana, kuna makaburi chini ya mgunga, na tangi limechongwa kwenye mwamba na bado lina maji mwezi wa nane. Hakuna jiwe hata moja lililobebwa, na wewe unawajua watu wetu wakiona jiwe lililochongwa vizuri. Nilizunguka nikiongea peke yangu kama mwehu.

Sasa nakuhitaji. Wewe ndiye mtawa wa ndani ya ukuta pekee ninayemjua. Nimechora ramani, nimeikunja humu. Niambie kila chumba kilikuwa cha nini, nikawaambie wageni kitu cha maana.

Mpwa wako mwenye kelele,
Syombua


Monasteri, Mbumbuni
12 Agosti 2024

Kaka Mwau,

Soma barua hii ukiwa peke yako, kisha uichome.

Nyumba kuu wameandika. Wanasema tumebaki watatu, na watatu hawatoshi kuitwa nyumba. Tufunge kabla ya Krismasi. Wametutayarishia vyumba huko kwao Ulaya, kwenye jengo la masista wazee, lenye lifti na hita. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa hapa, mimi ndiye wa kutia sahihi, kufikia mwisho wa Novemba. Wameongeza kwa upole kwamba nikiwa na mahali pengine pa kutuweka sote watatu pamoja, karibu na watu wetu, watanisikiliza. Sina. Nimefikiria kila usiku na sina.

Sista Wariara anaogopa theluji kuliko jehanamu. Ameniambia hivyo mbele ya chakula. Sista Kalondu hasemi kitu, anafua tu, hata vilivyo safi.

Usimwambie Syombua. Atakuja kulia langoni, na mimi nitalia naye, na sitaki. Ameniletea habari za magofu yake na amechangamka mno. Wacha afurahi. Ndiyo habari pekee iliyonichekesha mwezi huu.

Dada yako,
Perpetua


Monasteri, Mbumbuni
12 Agosti 2024

Syombua wangu,

Ramani yako ni mbaya sana. Umechora kanisa dogo kuliko choo. Lakini nimeielewa.

Chumba kirefu chenye kijukwaa ukutani ni cha kulia. Mmoja hupanda pale na kusoma kwa sauti, wengine wanakula kimya. Usiwaambie wageni kwamba ni pazuri, kwa sababu msomaji hula chakula kikiwa kimepoa. Vile vyumba vidogo ni vya kulala. Wewe umesema vinasikitisha. Mimi nalala katika kimoja kama hicho na nalala vizuri kuliko wewe na simu yako.

Lile tundu la mraba kando ya lango, ambalo umeandika ni la kuku, si la kuku. Hapo palikuwa na kabati la ubao linalozunguka. Mtu wa nje huweka mayai, analizungusha, wa ndani anapokea. Hawaonani nyuso. Watawa wa zamani walikuwa wakali hivyo. Sisi hapa tuna dirisha la nondo, na hata hilo watu wanalilaumu.

Nasikia furaha na wivu kwa pamoja ninaposoma barua yako. Ningependa kuyaona magofu hayo. Nijibu haya, kwa ajili ya wageni wako: makaburi yameachwa, au waliondoka na wafu wao? Kengele iko wapi? Watu wa hapo wanasema nini juu yao?

Nakuombea, na nakuombea pia breki za Probox.

Sista Perpetua


Makindu
26 Agosti 2024

Shangazi,

Kaa chini kwanza. Nimetozwa mbuzi.

Nilikuwa na kikundi cha kwanza cha Kwa Sista, watu kama kumi hivi. Ijumaa nikaenda mapema kupanga mambo, nikiwa na ufagio, kwa sababu pale ndani, hasa kwenye lile tundu lako la mayai, palikuwa na uchafu mwingi. Vibuyu vimepasuka, mtama umemwagika, maziwa yameganda kwenye kopo, vitambaa. Nikafikiri ni wachungaji wanakula wanaacha. Nikafagia kote, nikarundika, nikapiga kiberiti. Pakang'aa. Nikapiga na picha.

Jumamosi nafika na wageni, nakuta akina mama wamekaa langoni wamejaa, hawasalimii. Mbele yao kuna mmoja mfupi, Mama Ndululu, mwenyekiti wa kikundi cha kusuka viondo. Akaniuliza ni nani aliyefagia. Nami kwa kiherehere nikasema ni mimi, nikingoja shukrani.

Mimi Mkamba, Shangazi, mtoto wa Mwau, nimefagia ithembo. Wageni wangu hawakujua neno hilo, ikabidi nisimame hapo na aibu yangu nianze kuwaeleza kwamba ni mahali pa kutambikia, kwamba hapakatwi mti, hapatolewi jiwe, na kinachowekwa pale hakiguswi na mtu. Nimelelewa mjini, karibu na lami, sikuwahi kuona moja kwa macho. Nilijua ithembo ni msitu, si kanisa lisilo na paa. Ndiyo maana mawe yote yapo! Hakuna anayethubutu.

Nilipewa hukumu hapo hapo. Bile akapelekewa habari, akachagua mbuzi mwenyewe, akanicheka mpaka akashika mti. Mbuzi akachinjwa, wakachanganya majani na vitu vya tumboni, ile tunaita ng'ondu, wakaninyunyizia mimi na ufagio wangu. Halafu tukala sote ndani ya ukuta. Wageni wa Nairobi wanasema hawajapata safari nzuri kama hiyo na wanataka kurudi. Mama Ndululu amesema sasa naweza kuingia nikitaka, ila bila ufagio.

Usinikasirikie. Najua wewe ni mtawa na mambo haya huenda yakakuudhi. Lakini wote wale ni Wakatoliki, nimewaona na rozari.

Kengele haipo. Makaburi yapo, yamezungushiwa mawe meupe, na yanapaliliwa.

Syombua, aliyetakaswa


Monasteri, Mbumbuni
9 Septemba 2024

Syombua,

Barua yako nimeisoma kwa sauti wakati wa mazungumzo ya jioni. Sista Wariara alicheka mpaka tukamshika asianguke. Amekupa jina, Sista Ufagio. Hapana, sijaudhika. Nimejiuliza tu maswali, na nimekesha nayo.

Wanamwekea nani huo mtama? Waulize vizuri, si kama mtu wa kamera.

Na uwaulize haya pia. Watawa wale waliondoka lini na kwa nini? Waliaga? Nani alikuwa wa mwisho kutoka? Nani alifunga mlango? Unaweza kuyaweka kwenye maelezo yako ya wageni, watu hupenda kujua mwisho wa mambo. Usichelewe kunijibu.

Sista Perpetua


Makindu
21 Septemba 2024

Dada yangu,

Mimi si mtu wa barua. Syombua ana mpango wa kuleta kikundi cha wageni hapo kwenu mwezi ujao. Anasema wakishaona iliyokufa waje waone iliyo hai. Ameshawaambia. Amechapisha karatasi yenye picha ya lango lenu.

Siwezi kuendelea hivi. Nikinyamaza mezani ananiuliza kama ni malaria. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi, na mimi nitaharibu.

Mwau


Makindu
30 Septemba 2024

Shangazi,

Nilimuuliza Mama Ndululu maswali yako. Nilimkuta anasuka, nikamsomea kutoka kwenye barua yako, moja baada ya jingine. Alijibu la kwanza, kwamba wenzake wengine wanawawekea wafu walio pale, wengine wanawawekea aimu, mizimu ya zamani, wengine wanaomba mvua, na kwamba yeye ana yake. Nilipofika kwenye swali la mlango akaacha kusuka. Akaniuliza barua hii imetoka kwa nani. Nikasema kwa shangazi yangu, mtawa, yuko Mbumbuni, anapenda historia.

Akasema, "Huyo shangazi yako anafunga nyumba."

Nikabisha. Nikamwambia huna tatizo lolote, ungeniambia. Akarudi tu kwenye kusuka kwake. Nikarudi Makindu nikiwa na hasira naye, nikiendesha vibaya. Nikamwambia Baba mezani kama mzaha, nione akicheka. Baba akasimama akaenda nje. Nikamfuata, akanieleza yote.

Kwa nini hukuniambia? Nimekuandikia miezi miwili juu ya makaburi na matundu na jinsi inavyopendeza nyumba isiyo na paa, na wewe unanijibu vizuri, unanichekesha, unanisahihisha ramani. Nimeona haya. Nimechoma zile karatasi za wageni. Nina hasira nawe, na nakupenda, na sijui nianze na lipi.

Ulaya, Shangazi? Wewe hujawahi hata kufika Malindi.

Syombua


Monasteri, Mbumbuni
6 Oktoba 2024

Mwanangu,

Ni kweli. Baba yako ameshakueleza yote, kwa hiyo sina la kuongeza. Usifungue kikundi cha WhatsApp. Usichangishe. Usimpigie mtu wa redio. Na asante, hatuwezi kuja kukaa juu ya duka la mama yako Makindu, malori yanapita usiku kucha na Sista Wariara angekuwa dirishani anayahesabu.

Usione haya kwa barua zako. Nilitaka kujua nyumba huwaje baada ya watu kama sisi kuondoka. Nilidhani utaniambia mbuzi na makopo. Ukaniambia makaburi yanapaliliwa. Siku hiyo nilikwenda bustanini nikakaa peke yangu mpaka Sista Kalondu akaja kunitafuta.

Nitatia sahihi mwezi ujao. Nataka tu kuondoka kwa heshima. Yule mama bado hajanijibu la mlango.

Perpetua


Kwa Sista, Zombe
20 Oktoba 2024

Kwa Sista Perpetua,

Mimi naitwa Ndululu. Anayeandika ni huyu mtoto wenu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asipambe.

Unauliza nani alifunga mlango. Mimi ndiye nilifunga.

Nilikuwa msichana. Mama yangu alinituma kila asubuhi nipeleke mayai kwa lile tundu. Naweka, nazungusha ubao, wa ndani anachukua, anarudisha mkate au chumvi. Sikuwahi kuona uso. Kulikuwa na mmoja mwenye kidole kimepinda, huyo alikuwa ananishika mkono kidogo kabla ya kuzungusha. Miaka hiyo yote namjua kwa kidole tu. Niliolewa hapa hapa kwa sababu sikutaka kwenda mbali na hapa, na hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Ukame wa themanini na nne ulipokuja, hata sisi tulikula mbegu. Asubuhi moja nikaweka mayai, nikazungusha, ubao haukurudi. Nikangoja mpaka jua likawa kali. Nikazunguka mbele nikakuta mlango uko wazi, unapigwapigwa na upepo. Lori lilikuwa limewachukua usiku. Hakuna aliyetuaga. Nikaingia nikaita, nikatoka, nikafunga. Nilifunga mimi, na mchwa walipokula mlango baadaye nilikuwa nimeshafanya kazi yangu.

Tulikasirika sana. Lakini ni nyumba ya kuombea, haiwezi kukaa bila mtu. Nikaanza kuweka mtama kidogo kwa lile tundu kila Ijumaa. Wengine wakanifuata na mambo yao, sikuwakataza. Mtoto wenu alipofagia nilikasirika, na haikuwa kwa sababu ya mtama. Nilikuwa bado nangoja mtu azungushe.

Sasa nasikia mko watatu na hamna pa kukaa. Kikundi chetu kina nyumba ya vyumba vinne hapa chini ya mwamba, tulijenga ya kuweka viondo. Viondo vinaweza kukaa kwangu. Maji yapo, umeambiwa. Choo kiko mbali kidogo lakini njia ni nzuri. Bile amesema mbuzi wake watanywa upande wa chini wasiwasumbue, ingawa mimi nilimwambia kelele ya mbuzi haimsumbui mtu anayeomba. Tulienda kwa padre, akasema si kazi yake, ni ya askofu. Tukamwambia basi aende kwa askofu. Alizungukazunguka, lakini ameenda.

Sharti ni moja. Nikija na mayai nataka kuona uso. Sitaki tundu na sitaki nondo. Kama sheria yenu inakataa, kaeni huko, tutaendelea kama zamani.

Ndululu
(kidole gumba chake hiki hapa, amekataa kalamu)

Shangazi, mimi Syombua. Sikupamba. Nimelia hapa karatasi ikalowa, ndiyo maana mstari ule umefifia. Jibu haraka tafadhali, siwezi kula.


Monasteri, Mbumbuni
24 Oktoba 2024

Kaka Mwau,

Sijatia sahihi. Nimewaandikia nyumba kuu barua ndefu na nimeituma kwa barua pepe ya paroko, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nimewaeleza kuna mahali. Nimeeleza na suala la nondo, kwamba huko hatutakuwa nazo. Hapo ndipo naogopa.

Sista Wariara ameshafunga sanduku lake bila ruhusa.

Perpetua


Monasteri, Mbumbuni
12 Novemba 2024

Kwa Mama Ndululu, Kwa Sista, Zombe

Nimuvea muno, mwaitu. Shukrani hizi, mama yangu, nimeziandika mara nne na kuchana, na sasa gari la barua linangoja, kwa hiyo nitasema tu.

Askofu amekubali. Nyumba kuu walijibu wiki iliyopita. Wametupa mwaka mmoja wa kujaribu, na kuhusu nondo wamesema niamue mimi niliye hapa. Nimeamua. Niliwasomea wenzangu barua hiyo kanisani kwa sababu sikuweza kungoja tutoke, na Sista Kalondu, ambaye hajapandisha sauti tangu Agosti, alipiga kelele mpaka mtunza bustani akaja mbio akidhani ni nyoka.

Huku tunaondoka kwa kuaga. Jumapili tulifungua lango, watu wa Mbumbuni wakaingia mpaka ndani, wakaona vyumba vyetu, wakashangaa jinsi vilivyo vidogo. Ufunguo nimeukabidhi mkononi kwa mwenyekiti wa parokia mbele yao. Mvua imeshaanza hapa. Kama imeanza na huko, mtusamehe tukija na matope.

Hatujui kusuka, lakini tunajua kuoka mkate, na tunaamka mapema sana, mtatusikia tukiimba kabla ya majogoo. Sista Wariara anaimba vibaya. Mtazoea. Mambo ya mtama sina amri juu yake, endeleeni hadi tutakapokaa tukaongea, na mnifundishe.

Uso wangu si mzuri, Mama Ndululu. Una miwani na meno mawili yametoka. Utauona Alhamisi, na mimi nitauona wako, na nakuambia ukweli kwamba tangu juzi nimekuwa kama mtoto anayengoja sikukuu.

Mpe Syombua ujumbe huu, maana najua amekaa hapo anakusomea. Aje Alhamisi alfajiri. Miaka yote hii nimepanda gari kwenda kwa daktari wa macho mjini Wote tu, tena nikiwa nimefumba macho kwa dawa. Safari hii nataka kuona kila kitu. Asituendeshe mbio, kwa sababu ya nyonga za Sista Wariara. Lakini polepole sana pia asiendeshe.

Sista Perpetua